Nguzo Zilizooshwa kwa Maji ya Bahari

Mwezi uliopita Injinia Murtaza alizikwa, na mie nilikaa upande wa wanawake, mtandio mweusi kichwani, nikiyatafuta machozi nisiyapate. Si kwamba sikumpenda yule mzee. Alinifundisha kazi iliyonilisha na kuwasomesha wanangu, na kila Idi sinia lake la pilau lilinifikia mlangoni, mie Mkristo wa watu. Pembeni yangu alikaa binti mmoja msanifu majengo, miwani mikubwa, mpole, na alipolisikia jina langu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mama. Kumbe ndiwe Tumaini! Nyie ndio mliliokoa lile jengo la Kinondoni. Huwa tunawapeleka wanafunzi pale waliangalie zege." Akaendelea kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: viraka vyetu havionekani, alama za mbao zimeungana vizuri, sasa chini kuna mgahawa na juu maofisi, na maharusi wanakwenda kupigwa picha kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu. Hapo nikamkatiza. "Kwenye kibaraza? Kile cha mbele?" nikamuuliza. "Hicho hicho, mama. Pana mwanga mzuri sana." Nikaurekebisha mtandio, maana msibani hakugombwi. Lakini tangu siku ile nimekuwa na hasira isiyo na wa kumtupia, na ndiyo inayoniandikisha haya.

Mwaka tulioanza kulitibu jengo lile nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nina cheti na kiburi chake. Murtaza alinichukua niwe msaidizi wake, na siku ya kwanza akaniambia, "Binti, ukitaka kulijua jengo, lala ndani yake." Basi nikapanga chumba humo humo tulimofanyia kazi. Lilikuwa jengo la enzi za uhuru, zege tupu bila lipu wala rangi, na juu ya zege hilo zilionekana alama za mbao walizolimwagia: vinundu, mistari, hata mahali ambapo ubao ulikuwa umepasuka. Kuta za ngazi zilikuwa za matofali ya matundu, upepo ukipita na maneno ya watu yakipita nao. Na mbele kabisa, juu ya mlango mkuu, ghorofa ya tatu, kilitokeza kibaraza kirefu chembamba, na juu yake dari nyembamba zaidi. Ukikitazama kutoka barabarani unajiuliza kimeshikiliwa na nini. Murtaza alikuwa mtoto wa mtaa ule lilipojengwa. Aliwaona watu wamejipanga mstari, karai kwa karai, wakimwaga zege tangu alfajiri mpaka magharibi bila kupumzika, kwa sababu ukipumzika linaacha ufa. Alilisimulia hilo kila wiki, na kila wiki sauti yake ilibadilika. Lakini wapangaji walituuliza swali moja tu: "Sasa nyie mafundi, mbona hamlipaki rangi? Jengo linakaa uchi kama halina wenyewe."

Wenye jengo walikuwa kampuni moja iliyogawanyika mapande mawili. Wapo waliotaka likarabatiwe, wapo waliotaka kiwanja kiuzwe, na kiwanja Kinondoni si mchezo. Murtaza aliwaomba mwaka mmoja azitibu nguzo nne za mbele, waone kama linatibika. Kazi yenyewe ilikuwa ya masikio. Unagonga kwa nyundo ndogo, unasikiliza. Zege zima hujibu kwa sauti kali, ngi! Zege lililoachana na nondo zake hujibu kivivu, bof, kama mtu anayeitikia hodi akiwa bado amejifunika shuka. Nondo ikishika kutu huvimba, ikivimba hulipasua zege kutoka ndani, na nje wewe huoni kitu mpaka siku limekudondokea. Tulichonga palipokufa, tukasugua chuma, tukachanganya zege jipya la kufanana na la zamani. Vipande vya majaribio nilivimimina kwenye vifuniko vya sufuria, nikavianika dirishani, mpaka mwenye nyumba wangu akanijia juu: "Tumaini, hivi vifuniko vyangu siku hizi vinafunika wali au vinajenga?"

Huyo ndiye Mwalimu Ndeshi, aliyenipangisha chumba ndani ya nyumba aliyopanga yeye, ghorofa ya tatu. Mwalimu mstaafu, Mchaga wa Machame, Mlutheri wa kwaya ya asubuhi, mwanamke mrefu aliyekaa wima hata akimenya vitunguu. Kibaraza kile cha mbele kilikuwa chake. Pale ndipo alipopikia, jiko la mkaa kwenye pembe, na pale ndipo tulipokula: mtori siku za Jumamosi, supu ya mifupa aliyoifuata mwenyewe Vingunguti alfajiri kwa sababu hakuamini mchinjaji mwingine, ndizi, maharage, chai ya tangawizi iliyounguza koo. Alinisahihisha Kiswahili changu huku anapakua. Nilipomkumbusha kwa mzaha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alinitazama juu ya miwani. "Methali hiyo nimeifundisha mpaka nimestaafu. Nyie ndio wa kwanza kuja na chepeo." Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, nakiri, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuogopa.

Maana jengo lile lilikuwa linalia. Alasiri, jua likihama upande wa mbele, ungesikia kutoka ndani ya nguzo: tak. Kimya. Halafu tena, juu zaidi: tak. Wapangaji walikuwa na jibu lao. "Mwenyewe kaamka," walisema, wakimaanisha jini. Kila Ijumaa mchana, Murtaza akiwa ameshaondoka kwenda kuswali, Bi Mwanahawa wa chini, mama wa Kizaramo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, alitoka na chetezo cha ubani. Nyuma yake madumu ya njano, na watu wa zamu, Waislamu kwa Wakristo, wakaziosha zile nguzo nne kuanzia juu kadiri mkono ulivyofika hadi chini. Yaliyobaki yalipandishwa kwa Mwalimu, naye akayamwaga kutoka kibarazani yateremke ukuta mzima wa mbele. Wapita njia walivuka upande wa pili wa barabara. Nilipomuuliza, "Mwalimu, na wewe umo?" alinijibu, "Maji ya dawa. Dawa haina dini." Mwezi wa Muharamu Murtaza alivaa nyeusi tupu kila siku, kwa maombolezo ya Kishia, na watu walipomwona yule mzee mweusi wa mavazi, sikio lake limebandikwa kwenye nguzo, wanawake waliwavuta watoto wao ndani.

Kilichomsumbua Murtaza kilikuwa kingine. Nguzo zilitoa unga mweupe. Aliuonja kwenye ncha ya kidole. "Chumvi," akasema. Mwanzo aliwalaumu waliojenga, kwamba walichota mchanga wa pwani bila kuuosha. Lakini tuliposafisha, unga ukarudi, na safari hii ukawa mwingi zaidi. "Hii si chumvi ya zamani, Tumaini. Hii inaletwa." Akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mie. Yale maji ya Ijumaa niliyadhani ya bomba, sikuyataja. Kutu ilianza kuchuruzika kwenye kuta, rangi ya chai ya rangi, na kila mvua ilipopita michirizi ilirefuka.

Halafu ukaanza mchanga kwenye chakula. Tulikuwa tunakula mtori, Mwalimu na mie, nikatafuna kitu, krach. "Ndizi za siku hizi nazo," akasema Mwalimu bila kuinua macho. Siku nyingine kwenye wali. "Mchele hawaupeti." Siku ya tatu nilikitoa mdomoni, nikakigeuza kidoleni, na nikakitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake. Kilikuwa kipande cha zege, kimetoka kwenye dari juu ya vichwa vyetu. Mwalimu alipokwenda kwaya nikachukua nyundo. Nikaanza mlangoni: ngi. Hatua mbili mbele: bof. Nikagonga pembe ya jiko, bof, nikagonga dari, bof, nikapiga magoti nikagonga pale mahali palipokaa kiti chake kila siku, na nyundo ikajibiwa kwa sauti ya kitu kilichoachana kabisa na kingine. Nilirudi kwa magoti mpaka ndani. Sikuthubutu kusimama.

Murtaza alikuja, akagonga mwenyewe, mara chache tu. Alikaa kwenye ngazi akaivua miwani. "Nikiandika kwamba kibaraza ni hatari, kesho watu wanatolewa, keshokutwa katapila linaingia. Wanasubiri neno hilo moja."

"Na kikianguka?"

"Hakijaanguka tangu uhuru."

"Injinia, hujanijibu."

"Tuweke kamba huko chini watu wasipite, tuseme ni kwa ajili ya nguzo. Nguzo zikiisha nitawaonyesha kwamba linatibika, halafu nitasema na hili." Alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kutakata. "Mirunda ya kukiegemeza nikiiweka leo, barabara nzima itaona." Nilikasirika, wallahi, mie Mkristo niliapa kwa kiapo chake mbele yake. Tukaweka kamba. Kwa Mwalimu nikasema naumwa kifua, moshi wa jiko unanidhuru, naomba apikie ndani. Akasema moshi hauzuiliwi na ukuta, akaendelea kukaa pale pale.

Alhamisi moja nilirudi mapema, nikajilaza. Ukuta wa chumba changu upande wa ngazi ulikuwa wa yale matofali ya matundu, na upande wa pili Bi Mwanahawa alikuwa amekaa na Mwalimu wanachambua mchicha. "Kesho ongeza ubani," alisema Bi Mwanahawa, "yule tajiri wa magari kapita tena jana. Kashusha kioo, kaangaliaa." Mwalimu akacheka. "Basi atakuja aone jini anavyoogeshwa. Zamu ya nani kwenda Msasani kuchota?" "Ya watu wa juu. Na chumvi ya mawe imeisha, maji ya bahari peke yake hayaachi weupe ule wa kutisha." Wakacheka wote wawili, kicheko cha wanawake wasio na hofu ya jini yeyote. Kumbe hakuwapo jini, na walijua hayupo. Walikuwa wamemtunga, wakamlea miaka yote, ili kila mnunuzi anayekuja kukitamani kiwanja akute jengo lenye mwenyewe na aende zake. Mapema kidogo ningecheka nao. Lakini niliyasikia yale maneno mawili, bahari na chumvi, nikashuka kitandani mbio.

Nilitoka vile vile, peku. "Mnaliua!" nikapiga kelele. "Mnaliua jengo wenyewe!" Bi Mwanahawa akadondosha ungo. Nikawaeleza pale pale ngazini, kwa pupa: chumvi inaingia ndani ya zege, inafika kwenye nondo, nondo inaoza, inavimba, ile sauti ya alasiri ndiyo hiyo. Na kibaraza, Mwalimu, kibaraza chako ndicho kinachopata zaidi, kimekwisha. Bi Mwanahawa alishika kichwa. "Kumbe dawa yetu ndiyo sumu." Mwalimu Ndeshi aliuacha mchicha hapo hapo. Aliingia ndani akachukua glasi mbili na misumari miwili mipya, moja akatia maji ya bomba, moja maji ya dumu, akaziweka juu ya kabati. Alikuwa mwalimu, hakuamini jambo mpaka alione. Kila asubuhi alisimama mbele ya zile glasi na kikombe cha chai, na kila asubuhi ile ya dumu ilizidi kuwa nyekundu. Mwishowe akazimwaga zote, akaingiza jiko ndani, akafunga mlango wa kibaraza kwa ufunguo, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

Ijumaa iliyofuata nguzo hazikuoshwa, wala iliyofuata. Hapo ndipo nilipoujua woga wenyewe. Chumba kile cha kulia kilikuwa kidogo, tulikula tumebanana, na alasiri sauti ile ikija tuliacha kutafuna. Hakuna aliyesema mwenyewe kaamka. Bi Mwanahawa alipanda jioni kukaa nasi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kibaraza kinatibika, nikamjibu kinatibika endapo watu watatoka kwanza. "Tutoke twende wapi?" akauliza. Mwalimu alikuwa na pensheni ya mwalimu, na kila mtu anajua pensheni ya mwalimu. Mle ndani ndimo mumewe alimomfia, ndimo alimokuwa na majirani waliojua akikohoa. Tajiri wa magari alianza kupita kila wiki, kisha akaanza kusimama. Mtaa uliona kuta zimekauka, ukasema jini kahama.

Kijana aliyetumwa na kampuni aliitwa Fadhili. Ningependa kusema alikuwa mjeuri, lakini hakuwa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatoa shikamoo kwa Mwalimu kwa heshima zote, akakubali chai. Murtaza alikuwepo, mie nilikuwepo. Tajiri alikuwa chini kwenye gari, alisema Fadhili, anataka kujua mbele kunaonekana vipi kutoka juu. "Naomba unifungulie huu mlango, mama, nichungulie tu dakika moja." Mwalimu akamtazama Murtaza. Sisi watatu tulijua. Neno likisemwa, watu wote wa jengo lile hawana nyumba. Lisiposemwa, yule kijana atatoka hatua mbili tatu, pengine kitambeba kama kilivyotubeba sisi na jiko letu mwaka mzima, atarudi, atamaliza chai, ataondoka. Murtaza alikuwa anakitazama kikombe chake. Nilimwona, namwona mpaka leo, mzee mwema yule, ameinamia chai kana kwamba kuna kitu ameangusha humo. Mwalimu akafungua fundo la khanga polepole sana, akampa ufunguo. Kijana akazungusha, mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, akainua mguu.

Mie nilishafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Wewe mtoto!" Mwalimu alishamshika ukosi wa shati, akamvuta kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo, wakaangukia wote kwenye kochi, chai ikamwagika. "Usikanyage. Kimeoza hicho. Kimeoza chote."

Fadhili alihema. Akamgeukia Murtaza. "Injinia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa bado nachunguza," akasema Murtaza.

Bi Mwanahawa alipanda jioni ile, habari zimeshamfikia. Hakukaa. "Umetuuza, Mwalimu."

"Nimetuuza."

"Ungemwacha. Pengine kingembeba."

"Pengine," alisema Mwalimu, naye akaendelea kufuta chai kwenye kochi, mahali palipokwisha kukauka.

Kibaraza kiliporomoka kampuni ingali inabishana, mvua za vuli zilipoanza, mchana, watu wakiwa makazini. Nilidhani ni gari limegonga ukuta. Kibaraza chote na dari yake vilikwenda kwa mara moja, vikaupasua mpapai wa Bi Mwanahawa na kulala ndani ya kamba yetu. Hakuumia hata kuku. Mlango wa kwa Mwalimu ulibaki unafungukia hewani, tukaupigilia mbao haraka. Yule tajiri hakurudi tena, alisema hanunui balaa, na kampuni ikaona afadhali sasa imsikilize Murtaza. Jengo likishakuwa tupu, akawaambia, ninalitibu lote. Akalitibu kweli. Tulilifanyia kazi vyumba vikiwa vitupu, nyundo ikisikika ghorofa zote, na kibaraza tulikimwaga upya kwa mbao zenye vinundu kama vya zamani. Mwalimu Ndeshi alikwenda Segerea, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu, na hakuna jirani aliyemjua akikohoa. Hakudumu. Hakuna aliyerudishwa kwenye lile jengo baada ya matibabu, na mie na Murtaza tulifanya kazi pamoja mpaka akazeeka, bila hata siku moja kutaja kikombe kile cha chai. Huenda ndiyo maana machozi yalinigomea.

Aliyeletwa kutoa taarifa ya kuhama, siku chache baada ya kibaraza kuporomoka, alikuwa Fadhili mwenyewe. Alipiga hodi asubuhi, Mwalimu akamfungulia, mie nikiwa mezani. Akasimama nje ya kizingiti, macho yake hayatoki kwenye ule mlango uliopigiliwa mbao nyuma yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, wamesema mwisho wa mwezi muwe mmetoka. Wote. Nimewaambia mie siwezi kuja kuwaambia, wakasema nije mie kwa sababu mnanifahamu." Niliomba Mungu Mwalimu amtukane, na kama asingemtukana yeye ningemtukana mie, matusi yote niliyoyajua niliyaweka tayari.

Mwalimu Ndeshi alisogea pembeni, akavuta kiti kutoka mezani, akakigeuza kimwelekee.

"Ingia, mwanangu, usisimame hapo. Huku ndani bado kunakanyagika."